Fundi Geti na Ndago za Nyuma ya Nyumba

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Fundi Geti. Ukiingia mtaa ule kutoka barabara kuu, geti la kwanza mkono wa kushoto ni kazi yake. La pili pia ni lake. Mpaka ufike kwenye kona ya mwisho utakuwa umepita mageti kumi na saba, na kumi na manne kati ya hayo yametoka mikononi mwake. Hayapigi kelele yakifunguliwa, wala bawaba zake hazilegei. Fundi alijua hilo, na watu walijua kwamba anajua.

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mumewe. Asubuhi alikuwa shuleni. Jioni alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bustani. Bustani yenyewe ilikuwa hatua kumi na mbili kwa hatua nane, si zaidi. Lakini ilikuwa na mchicha, nyanya, bamia na vitunguu, na matuta yake yalinyooka kama mistari ya daftari. Mboga za nyumbani zilitoka pale. Na kila Jumanne na Ijumaa Mwalimu alibeba kapu la mchicha hadi shuleni, watoto wakapikiwa. Wengi wao, mboga ya majani walikuwa wakiiona pale tu.

Fundi hakuwa mtu wa bustani. Yeye na mashine yake ya kuchomelea chuma walielewana, lakini jembe alilishika kwa kulihamisha tu. Mwalimu akimtania, alijibu, "Kila mtu na karakana yake."

Siku moja ya mvua Mwalimu aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Mkono wa kulia ukavunjika. Alifungwa plasta, akaambiwa apumzike. Binti yao, ambaye aliolewa na kuhamia mji mwingine, alikuja kumchukua mama yake.

"Niacheni naye hapa," Fundi alisema. "Nitamhudumia."

"Baba, wewe hata chai unaiunguza," binti alisema. Akachukua begi la mama yake.

Mwalimu alipokuwa akiondoka alimwambia mumewe, "Vitunguu nimeshavuna vyote. Wewe mwagilia mchicha na nyanya. Basi. Kingine usiguse."

Fundi aliitikia. Lakini nyumba ilikuwa kimya, naye si mtu wa kukaa bure. Siku moja lori lilipita likiwa limejaa udongo mweusi tii, uliochimbwa bondeni mahali palipokuwa pakijengwa. Dereva alikuwa anatafuta pa kuumwaga. Fundi aliukamata udongo ule mkononi, akaufinya. Ulikuwa mzito na laini. Akafikiri, Mwalimu akirudi akakuta bustani yake ina udongo kama huu, atafurahi mpaka asahau mkono.

"Mwaga hapa," akamwambia dereva.

Aliusambaza siku mbili nzima, bustani yote, hata mchicha ukafukiwa, isipokuwa kituta kimoja cha nyanya zilizokuwa na matunda. Udongo mwingine ukabaki. Akajaza toroli mara tatu, akampelekea Kinyozi, jirani yao wa ng'ambo ya njia. Kinyozi alikuwa na kibustani kidogo cha pilipili pembeni ya duka lake. Alishukuru sana.

Siku ya tisa, Fundi alikuta ncha za kijani zimechomoza kila mahali. Zilikuwa nyembamba, zinang'aa, zimesimama wima. Moyo ukamruka kwa furaha. Akazimwagilia vizuri, kisha akampigia mkewe simu.

"Mwalimu, vitunguu vyako vimeota."

Mwalimu akashangaa. "Vitunguu gani? Si nilivuna vyote."

"Basi vimerudi vyenyewe. Tena vingi."

"Vitunguu havirudi vyenyewe, mume wangu."

"Hivi vimerudi," Fundi alisema, akacheka. Kwa wiki tatu akaendelea kuvimwagilia, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Mwalimu alirudi plasta ikiwa imetolewa, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Fundi alimfuata, akisubiri kusifiwa.

Mwalimu aliinama. Aling'oa jani moja kwa mkono wa kushoto, akaliviringisha shina lake kati ya vidole viwili.

"Shika," akamwambia mumewe. "Liviringishe. Unasikia nini?"

"Halizunguki vizuri. Lina pembe."

"Pembe tatu. Kitunguu hakina pembe. Hii ni ndago, gugu baya."

Akaketi kwenye ngazi ileile iliyomvunja mkono. Hakumgombeza. Fundi angependa agombezwe, yaishe. Mwalimu alitazama tu zile ndago, zimefunika matuta yake, zimefunika hata njia za kupita.

"Jumanne nitawaambia nini jikoni pale shuleni?" akauliza. Alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Kesho yake alfajiri Fundi alipiga moyo konde. Alichukua jembe, akaanza upande wa ukutani. Alikuwa na mikono iliyozoea nyundo, na jembe kwake lilikuwa jepesi. Alikata, akageuza, akapiga mabonge mpaka yakawa unga. Saa nne asubuhi bustani ilikuwa nyeusi, safi, haina jani. Majani yote aliyatupa kwenye lundo la mboji la Mwalimu, lile analolitumia kutengenezea mbolea.

"Haya," akamwambia mkewe. "Kwisha kazi."

Kichwa kilimvimba kwa siku kumi. Siku ya kumi na moja zile ncha zikarudi. Safari hii zilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Palipokuwa na moja sasa zilisimama tatu. Fundi akalima tena, kwa hasira. Zikarudi tena. Mbegu za mchicha ambazo Mwalimu alikuwa amezimwaga kwa mkono wa kushoto ziliota, zikabanwa, zikawa njano, zikafa.

Wiki zikapita. Kila Jumanne na Ijumaa Mwalimu alikwenda shuleni mikono mitupu.

Alasiri moja Fundi alirudi kutoka karakana, akamkuta mkewe amepiga magoti bustanini. Alikuwa anang'oa ndago moja moja kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Majani yalikuwa yanakatika juu, mizizi inabaki. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

Fundi aligeuka palepale. Alirudi karakana, akachukua dumu la oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Aliwahi kusikia kwamba ukiimwaga chini hakuna jani litakaloota. Akalibeba mpaka nyuma ya nyumba, akafungua kifuniko.

"Fundi, hiyo unataka kuipeleka wapi?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta mfupi. Alikuwa jirani yao mpya, aliyehamia miezi mitatu nyuma. Mtaani walikuwa wameshamwita Mama Uwanja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza nyasi za uwanja wa mpira. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anatembea kwa buti za mpira jua au mvua.

"Naua ndago," Fundi alisema.

"Utaua ndago au utaua shamba?"

"Vyote, ikibidi. Nimechoka."

"Ukiimwaga hiyo, ndago itanyong'onyea, ni kweli," Mama Uwanja alisema. "Lakini udongo nao utakufa. Utakaa miaka hautoi mchicha. Na mvua ikinyesha, oili itashuka chini, ikafika kwenye maji tunayokunywa. Funga hilo dumu, jirani yangu. Naomba niingie."

Fundi alifunga dumu. Mama Uwanja akazunguka, akaingia kupitia mlango wa pembeni. Alimsalimia Mwalimu, akamshika mkono ule mzima kumwinua. Kisha akaomba kipande cha nondo.

"Cha nini?" Fundi aliuliza.

"Lete, utaona."

Fundi akaleta. Mama Uwanja alikichomeka kando ya ndago moja, akakikandamiza chini kwa buti, akainua udongo taratibu. Hakukata. Aliinua tu, kisha akaupukutisha udongo kwa vidole. Ndago ikatoka nzima. Chini yake palikuwa na kifundo cheusi, kikubwa kama punje ya harage. Kwenye kile kifundo kulikuwa na uzi mwembamba, mgumu. Mwisho wa uzi, kifundo kingine. Kisha uzi mwingine. Kisha kifundo cha tatu, na cha nne.

"Nusa," akasema.

Fundi akanusa. Kilikuwa na harufu nzuri, kama dawa.

"Huyu ndiye adui yako," Mama Uwanja alisema. "Yale majani juu ni nguo yake tu. Ukimvua nguo anavaa nyingine. Chakula chake amekiweka humu ndani ya kifundo. Vifundo hivi vikiwa vimeungana, kimoja kinaota na vingine vinalala. Sasa wewe ukija na jembe, ukakata huu uzi, unafanya nini?"

Fundi alitazama ule uzi. "Navitenganisha."

"Unaviamsha. Kila kimoja kinajiona sasa ni mkubwa wa nyumba. Vyote vinaota. Jembe lako likivisambaza, vinaota na kule ambako havikuwepo."

Fundi alisimama na kile kipande cha nondo mkononi. Aliyakumbuka mapigo yote ya jembe, na ule udongo alioupiga mpaka ukawa unga.

"Kwa hiyo nilikuwa sipalilii," alisema polepole. "Nilikuwa napanda."

"Tena kwa bidii," Mama Uwanja alisema, na Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Wakaketi kwenye ngazi wote watatu. Fundi akauliza, "Dawa ya dukani je?"

"Dawa zipo," Mama Uwanja alisema. "Lakini inayomuua ndago huwa inaua na mboga. Nyingine inakaa ardhini muda mrefu. Hapa ni chakula, na ni cha watoto. Mtu akitaka dawa, amwone bwana shamba kwanza, asome maelezo, afuate kipimo. Lakini bustani ndogo kama hii haihitaji dawa. Inahitaji mikono na subira. Kule uwanjani nilipewa robo ya uwanja imejaa ndago. Nilimaliza kwa mikono."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Misimu miwili. Sitakudanganya."

Kisha akamweleza, na Mwalimu akaandika kwa mkono wa kushoto kwenye daftari, herufi zikiwa zimelala. Udongo uwe na unyevu kidogo, usiwe mkavu wala tope. Uinuliwe kwa uma wa kuchimbia, si jembe, ili vifundo vitoke vizima. Kila kifundo kitolewe, hata kidogo. Vifundo visitupwe kwenye mboji wala mtaroni. Vianikwe juani juu ya zege, siku nyingi, mpaka ukivunja kimoja kiwe kikavu ndani, kisha vichomwe moto. Halafu urudi baada ya wiki mbili.

"Kwa nini wiki mbili?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa sababu kuna vifundo ambavyo macho yatavikosa. Vitaota. Kifundo kikiota kinatumia akiba yake ya chakula kupandisha majani. Ukikiwahi kabla majani hayajawa mengi, kinakuwa kimetoa na hakijarudishiwa. Ukichelewa mwezi, kinakuwa kimeshazaa wengine. Kwa hiyo ni wiki mbili, wiki mbili, wiki mbili. Ikiangukia siku ya harusi yako, uahirishe harusi."

"Nilishaoa," Fundi alisema.

"Basi huna kisingizio. Na jambo la mwisho. Ndago anachukia kivuli. Nusu ya bustani, ile iliyoharibika zaidi, ikishachimbwa pandeni viazi vitamu, vibanane. Majani yakifunika ardhi, ndago atakayechungulia hatapata jua."

Fundi aliinama. Alikuwa anatazama ule udongo uliopukutika na vile vifundo vinne. Alikuwa na sura ile anayokuwa nayo mteja anapomletea kufuli lililogoma.

"Huo uma unaousema," akauliza, "meno yake yana urefu gani?"

Usiku haukupita bure kichwani mwake, maana asubuhi alifika karakana na mchoro tayari. Alikata nondo vipande vinne, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kwenye kiganja. Akazichonga ncha, akazikunja kidogo kama vidole vya mtu anayechota maharage. Akazichomelea kwenye bomba la chuma, akatia mpini wa mti. Jino la kwanza lilikunjika alipolijaribu, akalitoa, akaweka nondo nene zaidi. Halafu akatengeneza chekeche. Alichukua fremu ya mabaki ya geti, akabana wavu wa chuma wenye matundu madogo, akalifungia miguu minne ili lisimame kimo cha kiti. Udongo ungepita, kifundo kingebaki juu.

Mama Uwanja alipouona uma ule aliuinua, akaupima uzito, akaukanyagia ardhini. Haukutingishika.

"Mimi ule wa kazini wanautoa dukani," alisema. "Huu unaushinda."

Fundi alikohoa, akaangalia pembeni. Lakini shingo yake ilinyooka.

Kabla ya kuanza, kulikuwa na neno lililomkaa kooni. Alivuka njia, akaingia dukani kwa Kinyozi. Kinyozi alikuwa anafuta mashine zake.

"Kaka, pilipili zako zinaendeleaje?"

"Zimedumaa," Kinyozi alisema. "Kuna majani fulani yameziingilia. Nayakata kila siku, yanaongezeka. Sijui nimekosea wapi."

"Hujakosea. Ni ule udongo wangu. Nilikuletea ndago kwenye toroli, mara tatu, na wewe ukanishukuru."

Kinyozi aliacha kufuta. Alimtazama Fundi, mzee aliyemzidi umri kwa miaka ishirini, amesimama mlangoni kofia mkononi.

"Hukujua," alisema.

"Sikujua. Sasa najua. Usikate tena. Nikimaliza mzunguko wa kwanza kwangu, nakuja kwako na uma."

Kinyozi alitikisa kichwa, akavuta kiti cha kunyolea. "Keti basi, nikupunguze hizo nywele. Mtu hawezi kwenda vitani amefuga msitu."

Kazi ilianza Jumamosi. Fundi aliinua udongo kwa uma, mstari kwa mstari. Mwalimu aliketi kwenye kigoda kando ya chekeche. Fundi akimwaga koleo la udongo, Mwalimu aliusugua wavuni na kuokota vifundo vilivyobaki. Alianza kwa mkono wa kushoto. Siku ya pili akajaribu ule wa kulia. Daktari alikuwa amemwambia afanye mazoezi ya vidole, akampa mpira wa kufinya, naye akaona ni kazi ya kuchosha. Sasa alipata mazoezi ya kutosha. Vidole vilivyokuwa vizito vikaanza kubana kitu kidogo kama punje ya harage, kukiinua, kukiweka ndoo.

Mzunguko wa kwanza walijaza ndoo saba. Ndoo saba za vifundo, kutoka bustani ndogo vile. Fundi alizimwaga juu ya zege mbele ya karakana na kuzitandaza. Wateja walifikiri anaanika kahawa.

Nusu ya bustani wakapanda vipando vya viazi vitamu, karibu karibu. Nusu ya pili wakaiacha wazi, wakisubiri.

Baada ya wiki mbili ndago zikachungulia. Fundi aliziona akavunjika moyo, ingawa aliambiwa zitakuja. "Usizikate," Mwalimu alimkumbusha. Wakachimba. Ndoo nne. Wiki mbili nyingine, ndoo mbili. Hapo Fundi akaanza kupiga mluzi akifanya kazi.

Kisha mzunguko wa nne ukaleta ndoo tatu.

Fundi alilirusha koleo chini. "Tumerudi nyuma. Tulitoka nne, tukaja mbili, sasa ni tatu. Zinatoka wapi?"

Mwalimu aliinuka. Alizunguka bustani taratibu, akitazama chini. Ndago nyingi zilikuwa upande mmoja tu, kwenye kituta alichokiwekea mboji wiki tatu nyuma. Akaenda kwenye lundo. Alichimbua kwa fimbo, akaona. Lile lundo lote lilikuwa limejaa nyuzi na vifundo.

"Mume wangu, yale majani uliyolima mara ya kwanza uliyatupa wapi?"

Fundi aliangalia lile lundo. Alijua alikoyatupa.

"Basi tumeipata njia yake," Mwalimu alisema, kwa sauti ileile anayowasemesha watoto waliokosea hesabu. "Mtu akiijua njia ya mwizi, kazi ni nusu."

Lundo zima lilipitishwa kwenye chekeche. Iliwachukua siku nne. Tangu siku hiyo Fundi aliweka ndoo ya maji na brashi mlangoni mwa bustani, na hakuna uma, koleo wala kiatu kilichotoka bila kusuguliwa. Mama Uwanja alimfundisha na jambo jingine. Udongo au samadi ya mtu ikiletwa, usiimwage kwanza. Tia kidogo kwenye kopo, mwagilia, weka juani, ungoje wiki tatu uone nini kitaota. Kikiota chenye pembe tatu, mrudishie mwenyewe.

Mzunguko wa tano, ndoo moja. Wa sita, nusu ndoo. Kwa Kinyozi, ambako kibustani kilikuwa kidogo, ndago zilikuwa zimeshakuwa za kuhesabika kwa vidole, na pilipili zilikuwa zimekunjua majani. Viazi vitamu vilifunika nusu yote ya bustani, vikatambaa mpaka ukutani. Ukiyainua majani, chini palikuwa na giza na ubaridi. Ndago chache zilizokuwa humo zilikuwa nyeupe, dhaifu, zinang'oka kwa vidole viwili.

Ndipo Mwalimu alipomwaga mbegu za mchicha kwenye nusu ya pili. Mchicha uliota wote. Ulikua haraka, kwa sababu udongo ule mweusi, ukishatolewa ndago, ulikuwa na rutuba kwelikweli. Fundi hakuliacha hilo lipite.

"Udongo wenyewe nilichagua vizuri," alisema.

"Ulichagua vizuri," Mwalimu alikubali. "Na wageni wake."

Jumanne moja Mwalimu alijaza kapu. Alilishika kwa mkono wa kulia, akalinyanyua, akasimama nalo kidogo kujipima. Halafu akatoka. Fundi alikwenda naye, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mpishi wa shule alipokea kapu mlangoni mwa jiko, akauzamisha mkono kwenye majani.

"Mwalimu, tulikungoja," alisema. "Mchicha umekuwa mpana hivi? Umefanyaje?"

"Muulize huyu," Mwalimu alisema, akamgeukia mumewe. "Bustani ameitoa yeye mikononi mwa ndago. Vyombo ametengeneza mwenyewe. Hata mimi nimefanya kazi chini yake."

Fundi alikuwa amesifiwa mara nyingi kwa mageti. Alizoea. Lakini siku hiyo alisimama pale mlangoni, amezungukwa na watoto wadogo wenye sahani za plastiki. Alivua kofia, akaivaa tena. Mpishi akaanza kumuuliza maswali, maana nyumbani kwake nako ndago zilikuwa zimemtoa jasho. Fundi aliokota kijiti, akachora chini kifundo, uzi, na kifundo kingine. Akaeleza. Walimu wawili wakasogea kusikiliza. Kengele ilipolia alikuwa bado anaeleza.

Baada ya hapo watu walianza kuja karakana, na si kwa ajili ya mageti. Waliazima uma, wakauliza, wakarudi tena. Fundi alitengeneza uma nyingine tatu, akazitundika ukutani ili jirani yeyote achukue na kurudisha. Sharti lilikuwa moja tu, urudishe umesuguliwa. Na kila aliyechukua alisimamishwa kwanza, akaelezwa habari ya wiki mbili. Wengine walilalamika kwamba Fundi Geti siku hizi anasema sana.

Mwisho wa msimu wa pili, Mama Uwanja aliingia bustanini peke yake, na buti zake. Viazi vilikuwa vimeshavunwa, na matuta mapya ya bamia na vitunguu yalikuwa yamenyooka. Fundi na Mwalimu walisimama kwenye ngazi wakimtazama. Alitembea tuta kwa tuta. Akachuchumaa. Akafunua udongo kwa vidole mahali pengi. Alichukua muda mrefu mpaka Fundi akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Hatimaye Mama Uwanja aliinuka, akapangusa mikono.

"Uwanja wangu haujafika hapa," alisema. "Na mimi ndiyo kazi yangu."

Yeye hakuwa mtu wa kupamba maneno. Fundi alilijua hilo, na ndiyo maana yalimwingia.

Kwenye kona ya ukuta, hata hivyo, Fundi mwenyewe alikuwa ameona kitu. Alishuka ngazi, akachukua uma, akauchomeka kando ya jani moja jembamba linalong'aa. Akainua. Kifundo kimoja, kidogo, hakina uzi wala ndugu. Akakiweka kwenye kiganja, akampelekea mkewe.

"Kimoja tu?" Mwalimu aliuliza.

"Kimoja."

"Na wiki mbili zijazo?"

"Nitakuwepo," Fundi alisema. Akaenda kukianika kwenye zege, kisha akarudi kuusugua uma.